Acheni kuwauzia mama zetu hofu kwa ripoti ya CT ya moyo

SEHEMU YA 1

Wiki hii nimetumiwa inboksi picha za ripoti tatu za CT. Tatu! Zote za wanawake waliojifungua si muda mrefu, zote zina mstari unaofanana pale chini, na wote watatu wananiuliza swali lilelile: "Sista, ndiyo nakufa?"

Hufi, mwanangu. Ila mimi nina hasira, na leo nitaandika mpaka zipungue. Kaeni na chai, hii ni ndefu.

Kwanza niwaeleze mama mwenye kichanga anafikaje kwenye CT inayoonyesha moyo. Ametoka thieta siku tano zilizopita. Ghafla anahema, kifua kinabana, pengine na mguu mmoja umevimba na unauma. Daktari anawaza bonge la damu lililokimbilia kwenye mapafu. Na anawaza sawasawa, kwa sababu wiki sita za kwanza baada ya kujifungua damu inaganda kirahisi kuliko hata ulipokuwa na mimba. Anaandika CT ya kifua yenye kontrasti, ile dawa inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono ukasikia joto mwili mzima hadi ukadhani umejikojolea. Hapo hakuna kosa. Ukiambiwa kifanyike kwa sababu hiyo, kifanyike leo, usiende kwanza kuuliza ukoo.

Sasa moyo umekaa katikati ya mapafu. Huwezi kupiga picha ya mapafu ukauruka moyo. Daktari wa picha anaandika kila alichokiona, maana ndiyo kazi yake. Mstari wa juu: hakuna bonge kwenye mapafu. Alhamdulillah, Bwana asifiwe, tumshukuru Mungu. Mstari wa chini kabisa: mishipa ya pafu la kushoto inaingia kwenye moyo kwa shina moja, na kuna kifuko kidogo kwenye ukuta wa mbele wa chumba cha juu kushoto.

Halafu mama anapewa bahasha. Basi. "Mama fulani, chukua majibu yako, nenda nyumbani, rudi kliniki ya wiki ya sita."

Nani amemweleza ule mstari wa chini? Hakuna. Usiku mtoto amelala, yeye yuko na simu anapiga picha karatasi, anarusha kwenye grupu la ukoo. Shemeji aliyesoma kidogo anatafsiri: "kifuko kwenye moyo" inakuwa "moyo umetoboka". Wifi anasema jirani yake alikuwa na hiyo hiyo akafa. Kabla hakujakucha kuna mtu tayari ameshatuma bei ya dawa ya kusafisha mishipa ya moyo, chupa tatu, na anapokea kwa simu.

Hawa ndio ninaowasema. Wanaotoa bahasha bila maneno, na wanaojaza maneno yao pale tulipokaa kimya.

SEHEMU YA 2

Tuanze na kitu chenyewe, maana usipojua kilivyo utauziwa.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Chumba cha juu kushoto ndicho kilichojificha kuliko vyote. Kiko nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, na njia ya chakula inapita mgongoni kwake. Kazi yake ni kupokea damu iliyotoka kupata hewa kwenye mapafu na kuishusha chumba cha chini, ambacho ndicho kinaisukuma mwili mzima: kwenye ubongo, kwenye figo, kwenye ziwa unalomnyonyeshea mtoto.

Vitabuni tulifundishwa kwamba chumba hiki kinapokea mishipa minne, miwili kutoka kila pafu. Nilichora mchoro huo kwenye mtihani wa diploma na nikapata maksi zangu. Lakini mchoro ule ni wa mtu wa kitabuni. Watu wa kweli ukiwapitisha kwenye CT, unakuta wengine wana mitatu, kwa sababu miwili ya kushoto imeungana kuwa shina moja kabla ya kuingia. Wengine wana mitano, kwa sababu sehemu ya kati ya pafu la kulia imejitengenezea kamshipa kake. Wapo na wenye sita. Wote wanabeba ndoo za maji, wanazaa, wanazeeka.

Kwa nini inakuwa hivyo? Moyo ukiwa unajengwa, mwanzoni kulikuwa na mshipa mmoja tu wa kutoka mapafuni. Ule mshipa ukawa unamezwa kidogo kidogo na ukuta wa chumba, pamoja na matawi yake, mpaka matawi yakawa yanaingia kila moja kwa mlango wake. Ukuta ukimeza kidogo, matawi yanabaki yameungana. Ukimeza sana, na vijitawi vidogo vinapata milango yao. Fikiria njia za miguu za kwenda kisimani: kuna nyumba mbili zimeungana njia huku mbali, na kuna nyumba kila moja imekata njia yake hadi kisimani. Maji ni yaleyale.

Na hii kazi ilifanyika wiki za mwanzo za mimba. Mimba gani? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana nimeshaona ndoa ikiyumba kwa kukosa kuelewa hili. Si mimba uliyojifungua juzi. Ni mimba yako WEWE, ulipokuwa tumboni kwa mama yako! Mkwe aliyesema kifuko kimekuja kwa sababu ulikula udongo wa pemba miezi yote tisa, mwambie kwa heshima zote kwamba amekosea mimba. Hata angekuwa sahihi, wa kulaumiwa angekuwa mama yako mzazi, naye wakati huo pengine hakujua hata kama ana mimba.

Kuna na kile kitundu. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake, hewa anaipata kwenye kondo. Kwa hiyo kati ya vyumba viwili vya juu kuna kitundu chenye kifuniko, damu inakatiza kutoka kulia kwenda kushoto bila kupoteza muda mapafuni. Akizaliwa, akalia ile sauti tunayoisubiri wote labour, mapafu yanafunguka, presha ya chumba cha kushoto inapanda na kifuniko kinabanwa. Kwa wengi baadaye kinashikana kabisa. Kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne hakishikani, kinabaki kimeegemezwa tu kama mlango usio na komeo. Mmoja kati ya wanne! Hesabu mliopo sebuleni sasa hivi.

Na kuna sikio. Ndiyo, moyo una masikio, moja kila chumba cha juu, kimfuko kinachoning'inia pembeni. Sikio la kushoto ndilo lenye maumbo mengi ajabu. Mwaka 2012 madaktari walichapisha utafiti wa wagonjwa wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, wakayagawa masikio yao kwa maumbo manne na kuyapa majina: bawa la kuku, dungusi kakati, mfuko wa upepo kama ule wa uwanja wa ndege, na koliflawa. Siwatanii. Bawa la kuku ndilo lililokuwa kwa karibu nusu yao. Sasa mama apewe karatasi imeandikwa bawa la kuku moyoni, asielezwe, unategemea alale?

Kifuko kile cha ukutani nilichokitaja mwanzo nacho ni hivyohivyo. Kibonyeo kidogo, kama kidole kimebonyeza unga wa chapati. CT za siku hizi zinaona vitu vya milimita, kwa hiyo vinaonekana sana. Zamani vilikuwepo vilevile, ila hakuna aliyeviona.

SEHEMU YA 3

Kuna muuguzi mwenzangu, simtaji, amekuja kwenye komenti za Sehemu ya 2 akaandika: "Unawafundisha wagonjwa kudharau ripoti."

Hapana. Nawafundisha kuisoma. Na nitakuwa mkweli, maana nikiwaambia kila tofauti ni bure nitakuwa sina tofauti na yule muuza chupa, tumebadilishana tu upande.

Zipo tofauti zenye uzito. Kuna mtu ambaye mshipa mmoja au zaidi kutoka pafuni haukuingia chumba cha kushoto kabisa, umekwenda kumwaga upande wa kulia. Damu iliyokwisha kupata hewa inarudi tena kule ilikotoka. Ukiwa mshipa mmoja mdogo unaweza kuishi nao bila kujua, ikiwa mingi upande wa kulia wa moyo unatanuka na unahitaji daktari wa moyo. Kuna mtoto, ni nadra sana, anazaliwa chumba cha juu kushoto kikiwa kimegawanywa na utando katikati, kama vyumba viwili vya kupanga. Tundu la ule utando likiwa dogo, damu inarudi nyuma mapafuni, mtoto anahema, hanenepi, ananyonya huku anatoka jasho kichwani. Huyo ni wa kutibiwa, na upasuaji unamsaidia. Kile kitundu chenye kifuniko nacho, kwa watu wengi hakina neno, lakini kijana akipata kiharusi na sababu nyingine hazionekani, madaktari wanakiangalia kwa jicho jingine.

Na hata yale maumbo yasiyo na madhara yana kazi kwa daktari. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wenye mapigo yasiyo na mpangilio, cheche inayowasha fujo inatokea ndani ya ile mishipa ya mapafu, pale inapoingia moyoni. Tangu hapo kuna tiba ya kuunguza kidogo pale mlangoni ili cheche isipite. Daktari anayepitisha mrija humo lazima ajue milango ni mitatu, minne au mitano, ndiyo maana anataka CT kwanza kama fundi anayetaka ramani kabla ya kutoboa ukuta. Kwake shina moja upande wa kushoto ni habari muhimu. Kwako wewe uliyekuja kuangaliwa bonge la damu, halibadilishi hata dozi moja ya dawa.

Kwa hiyo daktari wa picha asiache kuandika. Aandike vyote. Ninachopigania ni dakika mbili baada ya kuandika. Mtu mmoja, awe daktari, awe nesi, akae na mama aseme: "Hili la juu ndilo tulilokuwa tunalitafuta, halipo. Hili la chini ni jinsi ulivyoumbwa, huna haja ya dawa." Sentensi mbili za Kiswahili! Wagonjwa ni wengi, najua, mimi ndiye ninayesimama nao wodini, nesi mmoja na vitanda usivyoweza kuvihesabu kwa usiku mmoja. Lakini tunapata muda wa kumwita kwa sauti achukue bahasha. Katika muda huohuo zile sentensi mbili zinaingia.

Na lile la kusema "mgonjwa ukimweleza utamtisha" mimi limenichosha. Mgonjwa ameshatishika. Ametishwa na karatasi ya Kiingereza yenye mhuri. Tunachochagua ni nani atakayemfafanulia, sisi au shemeji.

Kwenye ripoti nyingi utaona maneno "normal variant". Yashikeni hayo, myaandike nyuma ya kadi ya kliniki mkitaka. Maana yake: tofauti ya kawaida, kama dole gumba la mwenzako linalopinda nyuma na lako halipindi. Yasipokuwepo, muulize daktari aliyekuandikia kipimo, si aliyekutumia bei: hiki kilichoandikwa ni umbo langu au ni ugonjwa? Je, ndicho kinachonifanya nihemee? Kuna kitu nafanya tofauti kuanzia leo? Akisema kuna kitu, akuandikie ni nini na lini urudi.

SEHEMU YA 4

Kuna biashara mpya mjini na nimechoka kuona matangazo yake. "Pima mwili mzima, ujue afya yako." Mtu hana dalili, hana anachoumwa, ana miaka 29, anauziwa kifurushi chenye CT ya kifua ndani. Halafu ikionekana tofauti kama hizi nilizoeleza, anaambiwa arudi baada ya miezi sita "tuone kama kimekua".

Kikue kwenda wapi? Kimekuwepo tangu ukiwa tumboni!

CT inatumia mionzi ya eksirei, na si kidogo kama ile ya picha moja ya kifua. CT ya kifua ya kawaida inaweza kukupa mionzi takriban sawa na ile ya asili unayoipokea kwa miaka miwili hivi, ya ardhini, ya angani, ya kwenye chakula. Mara moja, kwa sababu ya maana kama bonge la damu, hiyo ni bei ndogo sana ya kulipa kwa uhai. Lakini kurudia rudia kwa sababu ya kibonyeo cha kuzaliwa, kwa mwanamke kijana ambaye matiti yake yako palepale kwenye njia ya mionzi, huo ni wizi. Unaibiwa hela, na unaongezewa mzigo mwilini ambao hukuwa nao. Na kontrasti nayo si maji ya dafu: mwenye figo dhaifu, mwenye aleji iliyowahi kumsumbua, anayetumia dawa za kisukari, aseme kabla ya kulala kwenye ile meza.

Yule wa chupa sina maneno mengi naye. Hakuna dawa ya kunywa inayobadilisha idadi ya mishipa inayoingia moyoni. Mshipa si bomba la sinki. Hela hiyo nunua mayai na dagaa, wewe unanyonyesha.

SEHEMU YA 5

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi.

Mnaogopa shina moja la mishipa, mnaogopa kifuko, na chumba hichohicho cha juu kushoto kinawaua wanawake wetu kwa njia nyingine kabisa, ambayo hakuna anayeirusha kwenye grupu.

Inaanza na koo. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na tano, homa, koo linauma, anameza kwa shida, mafindofindo yamevimba. Bibi anasema ni kimeo, apelekwe akakatwe. Jamani, kimeo! Wembe kwenye koo la mtoto, na vijidudu vinabaki palepale. Au ananunuliwa vidonge vinne dukani, anakunywa viwili, homa inashuka, vingine vinabaki kwenye kabati na panadol.

Makoo mengi yanayouma yanaletwa na virusi na yanapona yenyewe, hilo nalisema ili msikimbilie antibiotiki kila mafua. Lakini baadhi yanaletwa na bakteria aina ya streptokoka, na hayo yanataka penisilini, dozi kamili. Yasipotibiwa, wiki mbili tatu baadaye kuna watoto ambao kinga yao ya mwili inachanganyikiwa na kuanza kushambulia viungo na moyo. Goti linavimba, linapona, kifundo cha mguu kinavimba, kinapona. Watu wanasema anakua huyo, mifupa inarefuka. Kumbe mlango ulio kati ya chumba cha juu kushoto na cha chini unapata makovu. Ndiyo homa ya rumatiki. Ikijirudia, kovu juu ya kovu, mlango unakuwa mgumu na mwembamba.

Binti anakua. Anachoka haraka kidogo kuliko wenzake, anaitwa mvivu. Anaolewa, anapata mimba. Kwenye mimba damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na yote inatakiwa ipite kwenye ule mlango mwembamba. Haipiti. Inarundikana chumba cha juu kushoto, kinatanuka, na nyuma ya hapo kuna mapafu. Kawaida chumba hiki kwa mtu mzima, ukikipima toka mbele kwenda nyuma, hakizidi sentimita 4 hivi. Hawa wetu kinavimba mpaka kinabana njia ya chakula kwa nyuma, mpaka sauti inakauka kwa sababu kuna mshipa wa fahamu wa koromeo unabanwa.

Anaanza kulala kwa mito mitatu. Usiku wa manane anaamka anatafuta dirisha. Anakohoa povu, pengine lenye damu kidogo. Akienda anaambiwa ni pumu, au ni mimba ya kwanza, utazoea, au apime TB tena. Wengine tunawapokea wakiwa wameshachelewa, na mwenye kichanga ni bibi.

Hiki si kitu cha kuzaliwa. Hiki kinazuilika. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, na nchi zikakubaliana. Lakini azimio haliingii kooni kwa mtoto, anayeingiza dawa ni wewe unayemshika kichwa.

Na kipimo chake cha kwanza si CT. Ni eko, ultrasaundi ya moyo, wanapaka jeli kifuani kama ile ya kuangalia mtoto tumboni. Haina mionzi hata chembe, mjamzito anafanyiwa bila wasiwasi, na inaonyesha mlango ukifunguka na kufunga hapohapo. Kwa hiyo mjamzito unayehema ukilala chali, moyo unaokwenda mbio umekaa tu, usikubali kuambiwa utazoea. Omba asikilizwe moyo huo, omba eko. Kama haipo ulipo, omba rufaa. Ikibidi tiba, kuna dawa, na kuna mlango unaoweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, bila kupasua kifua.

Watoto waliokwisha kuugua wanatakiwa sindano ya penisilini kila wiki tatu hadi nne, kwa miaka. Inauma, najua, mimi ndiye ninayewachoma na wananiita mchawi. Mpelekeni.

SEHEMU YA 6 (maswali yenu)

Mmoja ameandika kwamba baada ya CT yenye kontrasti aliambiwa akamue maziwa amwage siku mbili, na mtoto akaanzishiwa ya kopo. Hapana! Kiasi cha kontrasti kinachoingia kwenye maziwa ni chini ya asilimia 1 ya dozi uliyochomwa, na katika hicho kidogo, kinachopita kwenye utumbo wa mtoto ni chini ya asilimia 1 tena. Nyonyesha ukitoka tu kwenye kile chumba. Ukiambiwa umwage, uliza kwa upole mwongozo uko wapi.

Mwingine: mama yake mzazi, mtu mzima, ana mapigo yasiyo na mpangilio na ameandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, "wakati ripoti inasema sikio la moyo ni bawa la kuku, sista umesema ni la kawaida". Mpendwa, mpe mama dawa zake. Mapigo yakishavurugika damu inatuama ndani ya lile sikio, na kwa wagonjwa hao ambao milango ya moyo ni mizima, mabonge yanayokutwa chumba cha juu kushoto karibu yote, kama tisa kati ya kumi, yanakutwa humo sikioni. Yakichomoka yanakwenda kwenye ubongo. Ule utafiti wa 2012 ulikuta wenye bawa la kuku walikuwa wamepata kiharusi kwa uchache kuliko wenzao, si kwamba hawapati. Uamuzi wa dawa unaangalia umri, presha, kisukari, na kama amewahi kupata kiharusi.

Na yule dada mwenye mlango wa moyo uliobana, anayetumia wafarini na anataka mtoto wa pili: usiiache mwenyewe, na usibebe mimba kabla ya kuonana na daktari wa moyo na wa uzazi. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, na ukiiacha bila mpango unaweza kupata kiharusi wewe. Vidonge vipya usibadilishiwe dukani, maana utafiti uliotoka 2022 kwa wagonjwa wa aina yako wenye mapigo yaliyovurugika ulionyesha wafarini iliwalinda vizuri zaidi. Kuna sindano wanazoweza kukubadilishia kwa wakati maalum, wao ndio wanaopanga. Nenda na ripoti zako zote, za eko na za CT, usiache hata moja nyumbani.

Kesho naingia zamu ya usiku, kwa hiyo nitajibu komenti mchana nikiamka. Ripoti mnazonitumia, tafadhali funikeni jina na namba ya faili kwanza.